Kiapo cha Nchi Kavu

Kwa miaka yote niliyokaa jirani na Bi Mkubwa, sikumsikia hata siku moja akisema na mke mwenzie uani. Alisema na mimi. Mimi nikasema na mwenzie, ingawa mwenzie alikuwa ameketi palepale juu ya mbuzi akikuna nazi, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

"Mama Zuhura, mwambie huyo moshi wake unaingia ndani kwangu."

Nageuka. "Bi Mdogo, moshi wako unaingia ndani kwa Bi Mkubwa."

"Mwambie afunge dirisha lake."

"Bi Mkubwa, anasema ufunge dirisha."

"Nimesikia, sina uziwi. Mwambie dirisha langu nalifungua na kulifunga nipendavyo mimi."

Na mimi nageuka tena, mwiko mkononi, ugali unaungua. Nilipoolewa pale nilikuwa mgeni kutoka bara, kwetu kwenye mikorosho, na mwanzoni nilidhani wananichezea. Nikajisema, ndivyo watu wa pwani wanavyowapima mabibi harusi. Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza, huku akicheka mpaka akakohoa. Siku mume wao alipomleta Bi Mdogo nyumbani, Bi Mkubwa alisimama mlangoni akaapa mbele ya watu: "Wallahi, mimi na wewe hatutasemezana juu ya nchi hii kavu mpaka tufe." Bi Mdogo naye wakati huo alikuwa msichana mwenye mdomo wake. Akaapa vilevile, neno kwa neno. Baadaye mume akafariki, akawaachia nyumba mbili, ua mmoja, choo kimoja na kile kiapo.

Watu wazima walikwenda kuwasuluhisha zaidi ya mara moja. Bi Mkubwa aliwapikia chai, akawasikiliza, akawasindikiza. Jibu lake lilikuwa moja. Alisema jina la Mungu si la kutaja halafu ukajifanya ulikuwa unakohoa.

Alikuwa mrefu, mrefu kuliko wanaume wengi wa pale kijijini, na alitembea ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi. Alitafuna tambuu. Alichukia kusubiri, na alichukia zaidi kuharakishwa, kauli yake ilikuwa, "Sina haraka, lakini usinicheleweshe." Ukimuuliza kama amekasirika, anakwambia, "Sijakasirika, nimenyamaza tu." Basi ule unyamavu wake ungeweza kupasua mtungi. Sukari kwake uliomba mpaka ukaona haya, lakini akiwa na uduvi alipita nyumba kwa nyumba akigawa, na ole wako umshukuru, atakuambia umefungua mdomo bure. Alisema hapendi mbuzi, wanakula nguo, na alikuwa na mbuzi jike mmoja aliyelala ndani, nyuma ya mlango wake, kwa sababu eti nje kuna baridi. Baridi ya Lindi! Nilipomcheka aliniambia, "Nyie watu wa bara mnajua nini habari ya mbuzi."

Utani huo wa bara haukuisha. Nilizaa watoto watatu pale, na bado alinitambulisha kwa wageni kama yule bi harusi aliyeogopa kaa.

Niseme sasa habari ya hori, maana bila hori huwezi kumwelewa. Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mchinga, na nyuma ya nyumba zetu bahari imeingiza maji yake ndani ya nchi. Upande mmoja pana mikoko. Upande mwingine pana ukingo mrefu wa mchanga unaoyatenga maji hayo na bahari yenyewe, na kwenye ukingo huo pana mdomo mmoja mwembamba, ndiyo njia ya maji kujaa na kupwa. Juu, kutoka vilimani, huteremka kijito. Nilipofika, kijito kilishuka kila masika kwa nguvu, kikausukuma mchanga, mdomo ukabaki wazi, na maji ya hori hayakuwa ya bahari wala ya mto. Uduvi wanapenda maji ya namna hiyo. Wanawake wa pale waliishi kwa uduvi, wakawaanika kwenye majamvi na kuwauza kwa wachuuzi waliowapeleka mpaka Nangurukuru.

Uduvi hawavuliwi na mtu mmoja. Wanatandwa. Mnashika shuka wanawake wawili, huyu ncha zake mbili na yule zake mbili, mnaingia maji ya kiunoni, mnalizamisha, mnatembea pamoja polepole, halafu mnanyanyua kwa mpigo mmoja. Mmoja akiwa mfupi shuka linapinda na uduvi wote wanamwagika upande wake. Kwa hiyo mtu hutanda na wa kimo chake. Bi Mkubwa alikuwa akitanda na dada yake, na dada akahamia Dar es Salaam kwa mtoto wake. Alipotafuta mwingine, kijiji kizima alibaki mwanamke mmoja tu wa urefu ule. Marehemu mume wao, inaonekana, alipenda warefu.

Bi Mdogo mwenyewe ndiye aliyenihadithia yaliyofuata. Bi Mkubwa alikaa muda mrefu bila kutanda, anakula mchicha na hasira. Asubuhi moja akatoka ndani na shuka, akamtupia Bi Mdogo ncha moja miguuni, akashika njia ya hori bila kugeuka. Bi Mdogo akamfuata, hajui kama anakwenda kuvua au kupigwa. Wakaingia. Maji yalipofika kiunoni, Bi Mkubwa akasema, "Nyanyua upande wako, unalegea."

Bi Mdogo nusura aliachie shuka. "Umeapa!"

"Niliapa kwa nchi kavu," alisema Bi Mkubwa. "Hapa pana ukavu gani?"

Tangu siku hiyo wakawa na mahali. Mara ya kwanza nilipowakuta humo nilisimama kwenye mikoko mdomo wazi. Wale wanawake walionifanya mimi njia yao ya kupitishia maneno walikuwa wanaongea kama chiriku, wanacheka, wanamsengenya imamu, wanabishana marehemu alimpenda nani zaidi. Bi Mdogo alimmwagia Bi Mkubwa maji usoni, na Bi Mkubwa akapiga kelele ya kitoto ambayo sijaisikia tena. Kisha wakaanza kurudi. Mguu wa Bi Mkubwa ulipogusa mchanga mkavu, neno likakatika hapohapo, hadithi ikabaki nusu. Walipanda kwenda nyumbani mmoja mbele mmoja nyuma, kimya. Kesho yake, ndani ya maji, hadithi ilianzia ilipokatikia.

Niliwaonea wivu, nakiri. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Lindi mjini, na mimi sikuwa na mtu wa kumalizia naye hadithi.

Halafu mvua zikaanza kutufanyia visa. Masika moja ilikuja nusu. Iliyofuata ilimwagika yote kwa siku chache, ikateremsha matope mekundu kutoka vilimani, ikaondoka. Iliyofuata haikuja. Kijito kikawa njia ya mbuzi. Kisima cha uani kikaanza kutoa maji ya chumvi, na chai ya mtu yeyote ukinywa unajua imepikwa kwetu. Mikoko ya upande wa juu ikawa njano. Bila kijito cha kuusukuma mchanga, mdomo wa hori ulizidi kuwa mwembamba, na maji ya ndani yakapungua, yakawa ya moto, na yakakolea chumvi kiasi kwamba ukitoka humo ngozi inabaki na unga mweupe.

Uduvi wakaadimika. Wanawake wengine wakaacha, wakaenda kulima vibarua. Bi Mkubwa na Bi Mdogo waliendelea kuteremka kila asubuhi na shuka lao, wakarudi na shuka lao. Maji yalikuwa yameshuka kutoka kiunoni mpaka magotini. Hakuna aliyeuliza wanakwenda kutafuta nini, na mimi nilijua.

Ikaitishwa mikutano. Akaja mtaalamu wa mambo ya pwani, kijana mpole, akakusanya watu kwenye darasa la shule akaeleza mabadiliko ya tabianchi. Alieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Bi Mkubwa alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, akanyoosha mkono.

"Sasa mwenye kosa ni nani?"

Kijana akasema ni mambo ya viwanda, magari, nchi za mbali, miaka mingi.

"Wanatujua hao?"

"Hapana, bibi."

"Basi hata kugombana nao hatuwezi," alisema Bi Mkubwa, na akakaa amekunja uso mpaka mkutano ukaisha. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Yeye maisha yake yote alikuwa anajua nani wa kununiwa.

Kijana huyo alituonya jambo moja. Alisema mdomo ukijifunga, msiuchimbe kwa mikono wakati kijito kimekauka. Hakuna maji ya kusukuma kutoka ndani, kwa hiyo bahari itaingia, itaingiza mchanga pamoja nayo, na itaufunga mdomo kuliko mwanzo. Tulisikia wote.

Mdomo ukajifunga. Na wiki ileile mtoto wa kiume wa Bi Mdogo akaja kutoka Mtama, ambako anafanya biashara ya korosho, akasema mama hakai tena hapa. Kisima ni chumvi, uvuvi hakuna, miguu ya mama inavimba, anasubiri nini? Alikuwa na haki yote. Bi Mdogo alitoa begi akaanza kukunja kanga zake uani, polepole, na Bi Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini kwake anatazama.

"Mwambie," aliniambia. Nikangoja. Midomo yake ilichezacheza. "Mwambie kanga ya kijani ni yangu."

Siku iliyofuata Bi Mkubwa alipita nyumba zote za wanawake na jembe begani. Bamvua limefika, alisema, bahari iko juu, tukichimba sasa hori litajaa. Nilimkumbusha maneno ya mtaalamu. Akaniambia mtaalamu amekwisha kwenda kwao. Sikuwa na nguvu ya kumbishia, na ukweli ni kwamba hata mimi nilitaka aweze. Tulichimba, wanawake kwa wanaume, mchanga wa moto unamwagika kila tunapoutoa. Maji yalipojaa bahari ikaipata ile njia yetu na kuingia kwa kishindo. Mkizi waliruka. Watoto waliwadaka kwa mikono. Watu walimbeba Bi Mkubwa mabegani, naye anawapiga makofi wamshushe.

Bi Mdogo alifungua begi, akatundika tena kanga zake kwenye kamba. Yule mtoto wake akarudi Mtama peke yake.

Zikapita asubuhi chache za furaha. Nikawasikia tena kutoka mikokoni, maji yamefika kiunoni, kelele tupu. Halafu bamvua likaisha, mawimbi yakarudisha mchanga, ule tuliouchimba na mwingine wa kutosha, na mdomo ukafungwa kwa ukingo mpana kuliko wa kwanza. Samaki wote walioingia na bahari wakabaki ndani. Jua likawapika humo. Walianza kuja juu wakifungua vinywa, kisha wakageuka matumbo meupe, na harufu ikaingia mpaka kwenye vitanda vyetu.

Watu waliombeba mabegani wakaanza kumnyooshea kidole. Yeye alichukua ndoo, akawa anateka wale waliokuwa bado wanapumua, anapanda nao ule mchanga, anawamwaga baharini, anarudi. Kwa kila mmoja aliyemfikisha, mia walikufa nyuma yake. Baada ya muda nikamwona Bi Mdogo anakuja na ndoo ya pili, miguu imevimba. Walipishana pale mchangani mmoja anapanda mwingine anashuka, macho chini. Nilikuwepo, na siku ile hawakunituma neno hata moja.

Mtoto akaja tena kumchukua mama yake. Kabla ya gari kufika, wale wawili waliteremka horini. Yalibaki maji ya kifundo cha mguu, mazito, yenye mizoga. Wakaingia humo wakasimama. Sikukaribia, na sitajifanya najua walichoambizana. Niliona tu Bi Mdogo anafuta uso na upande wa kanga, na Bi Mkubwa anamtengenezea ushungi. Walipotoka, mchangani, Bi Mkubwa aliniita kwa sauti kavu.

"Mwambie amesahau sufuria lake."

Baada ya hapo alikuwa mtu aliyefungiwa. Sijui niseme vipi vingine. Nyumba ile ya pili ilikuwa tupu na yeye aliifagia. Alipika cha watu wawili akampa mbuzi. Nikamwambia aende Mtama, mtoto wa Bi Mdogo amesema karibu, chumba kipo. Akaniuliza, "Nikakae kwenye nyumba ya mtu nimenyamaza kama nguzo? Huko Mtama kuna hori?"

Nikaleta simu. Bi Mdogo alikuwa amepiga, analia, anataka kusikia sauti tu. Bi Mkubwa aliitazama ile simu kiganjani mwangu kama anatazama nge. Kisha akainyakua, akateremka mbio, kwa umri ule, mpaka kwenye lile dimbwi la mwisho lililobaki katikati ya hori. Akatumbukiza miguu yake yenye magaga kwenye maji ya chumvi kali, akauma meno kwa uchungu, ndipo akasema, "Haya. Mimi niko majini. Na wewe?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia jibu. "Nimetia miguu kwenye beseni."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka Bi Mkubwa akashika kiuno. Ikawa ndiyo desturi, kila Ijumaa baada ya swala, huyu dimbwini na yule besenini, mpaka dimbwi nalo likakauka. Nilimletea beseni langu. Alikataa. Alisema mwenzie mgonjwa na Mungu anamwelewa, lakini yeye mzima wa miguu, beseni ni ujanja, na ujanja alioufanya na Mungu umetosha. Bi Mdogo akawa anapiga, ananiuliza mimi, "Hasemi?" Namjibu hasemi. "Mwambie miguu yangu sasa hainishiki, safari ya huko siiwezi tena." Nikamwambia. Bi Mkubwa aliendelea kupembua mchele, akasema, "Nimesikia."

Mimi nilihama. Mume wangu alipata chumba kikubwa zaidi Lindi mjini, nikaenda na watoto, nikanunua cherehani. Niliondoka nikiwa nimechoka kubeba maneno ya watu, na bado kila nikishona kanga mbili pamoja nilimfikiria yule mwanamke na kuta za kiapo chake.

Mwaka huu nilirudi kijijini kumwona mama mkwe. Hori lilikuwa uwanja mweupe. Vijana wanakwangua chumvi pale ambapo zamani maji yalinifika kifuani. Bi Mkubwa nilimkuta kizingitini, amekonda, shingo imekuwa ndefu zaidi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umenenepa."

Nikacheka, nikaketi. Joto lilikuwa la kuua. Nilikuwa nimemletea maandazi na chupa ya maji baridi niliyonunua Mchinga, nikamfungulia.

"Weka," alisema. "Nimefunga."

"Saumu gani tena? Ramadhani iko mbali, na leo wala si Jumatatu wala Alhamisi."

Alijikuna kisigino kabla ya kujibu. "Kiapo kina kafara yake. Ukitaka kukivunja unalisha maskini kumi. Mimi hao kumi nitawalisha nini, na mmoja wao ni mimi mwenyewe? Asiyeweza kulisha anafunga." Akaangalia jua. "Leo namaliza. Kesho nakwenda Mtama. Mbuzi nimemgawa."

Nikamuuliza, "Na kiapo cha Bi Mdogo?"

"Hicho chake. Mimi nitasema, yeye atikise kichwa."

"Nani amekueleza habari za kafara?"

"Sheikh."

"Lini?"

"Wiki ileile niliyoapa."

Hasira ilinipanda, sitaficha. Nilikumbuka ugali wangu wote ulioungua nikigeuka huku na huku, nikamkumbuka Bi Mdogo analia kwenye simu na ile miguu yake. "Bi Mkubwa! Miaka yote hiyo ulikuwa unajua? Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Alitazama kule nyuma ya nyumba, kwenye ule weupe, akaukazia macho.

"Maji yalikuwepo," alisema.